Tundu la Milimita Tatu

Jumapili, 14 Aprili 2024, Dar es Salaam

Mvua haijakata tangu alfajiri, ila baridi niliyo nayo mimi si ya mvua. Meno yananigongana ndani ya mablanketi mawili, halafu baada ya nusu saa naloa jasho. Mkojo unaniita kila mara. Nikifika chooni yanatoka matone, nayo yanachoma.

Kuna maumivu mengine, mahali ambapo mtu wa umri wangu hapataji: pale kwenye msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Nikikaa ni kama nimekalia kokwa ya embe. Mama Salma ameuliza kinachoniuma nikasema kiuno. Kiuno kinaruhusiwa kuuma mbele za watu.

Kijana wa duka la dawa amenipa siprofloksasini. Amesema ni UTI. Mjini hapa siku hizi homa zina majina mawili tu, malaria na UTI, na ukikosa la kwanza unapewa la pili.

Jumatano, 17 Aprili

Zahanati. Malaria hakuna. Mkojo una seli nyeupe nyingi. Sukari 18.6, na sikuwa nimegusa kitu kitamu. Nimeambiwa maambukizi yenyewe hupandisha sukari, na sukari ikipanda maambukizi hustawi, kwa hiyo viwili hivyo vinalishana. Niendelee na dawa ileile.

Nimeendelea.

Jumamosi, 20 Aprili, karibu na alfajiri

Naandika nikiwa kitandani wodini, mkono wa kushoto una dripu.

Jana jioni mkojo uligoma kabisa. Kufikia saa nne usiku tumbo lilikuwa gumu chini ya kitovu, na nilikuwa siwezi kusimama wala kukaa. Binti yetu Salma alikuja na gari la rafiki yake, tukazunguka njia ya mbali kwa hofu ya maji ya Jangwani. Kila tuta barabarani nililihesabia dhambi zangu.

Daktari wa zamu ni binti wa rika la Salma. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa saa ile ya usiku nalihesabu kuwa ni tabia njema ya nyumbani kwao. Kisha akasema, "Baba, itabidi nipime kwa kidole. Nitagusa tu, sitakandamiza." Nikamwomba Salma atoke. Kipimo chenyewe ni cha muda mfupi kuliko maelezo yake. Alipogusa upande wa kulia niliruka. Akatoa mkono papo hapo. Akasema tezi dume ni ya moto, na upande mmoja umelegea pale ambapo ungetakiwa uwe imara. Tezi ya namna hiyo haikandwi, maana ukiikanda unasukuma vijidudu viingie kwenye damu, na mgonjwa aliyekuja na homa anaweza kuishia chumba cha wagonjwa mahututi.

Mpira wa mkojo nao hakuupitisha kwenye njia ya kawaida. Alitazama kibofu kwa altrasaundi, akatia ganzi vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, akaingiza mpira moja kwa moja tumboni. Alieleza kuwa mrija wa mkojo unapita katikati ya tezi dume, na hataki kusugua mpira ndani ya kitu kilichojaa uchafu. Ilitoka lita moja na zaidi kidogo. Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kwa haraka namna ile.

Jumapili, 21 Aprili

Siti-skani ilifanyika jana mchana. Leo majibu: ni jipu ndani ya tezi dume.

Nimepima ardhi miaka yote ya kazi yangu tangu nilipotoka Chuo cha Ardhi Morogoro, na nikiona vipimo vitatu siwezi kuviacha vikae bure. Jipu kubwa liko upande wa kulia: sentimita 3.8 kwa 3.1 kwa 2.9. Kushoto kuna jingine dogo, milimita 8. Nilimwuliza daktari ujazo wake, akanipa kanuni: zidisha urefu, upana na kimo, kisha mara 0.52. Nimezidisha nyuma ya bahasha ya majibu. Mililita 17 na kitu, karibu 18. Ni vijiko vya chai visivyofika vinne. Ndivyo vilivyoniangusha.

Tezi nzima inakadiriwa mililita 68. Ya kijana ni kama 20 hivi. Kwa hiyo ilishaanza kukua kwa uzee kabla ya haya, na mkojo usiotoka wote ni makazi ya vijidudu. Ukiongeza kisukari, sababu zimetimia.

Kipimo cha damu cha PSA kimesoma 41. Mama Salma ameshasikia kwa watu kwamba PSA ni kansa, na tangu asubuhi anasali kwa sauti ya chini akidhani simsikii. Daktari amemwambia tezi yenye maambukizi humwaga PSA nyingi kwenye damu, na namba ya leo haina maana yoyote kuhusu kansa. Itarudiwa moto ukishazimika. Mama amesema, "Ahsante, mwanangu," na ameendelea kusali.

Jumatatu, 22 Aprili

Bingwa wa mfumo wa mkojo amepita na msafara wake. Ni mtu mfupi, haongei haraka. Alivuta kiti akakaa, akachora kwenye karatasi kibofu, tezi na utumbo, akaniuliza mimi nafanya kazi gani. Nilipomjibu akaanza kuchora vizuri zaidi.

Alisema jipu la chini ya sentimita moja huachiwa dawa peke yake, kwa hiyo lile la kushoto tutaliangalia tu. La kulia haliponi kwa dawa: damu haifiki ndani ya usaha, na dawa husafiri kwa damu. Likiachwa litajitafutia mlango, na halichagui pazuri. Linaweza kupasukia kwenye mrija wa mkojo, kwenye utumbo, au kwenye msamba. Likipasukia vibaya hubakiza njia kati ya mkojo na haja kubwa, na kuiziba njia hiyo ni upasuaji mgumu kuliko huu wa sasa.

Njia za kulitoa ni tatu. Ya kwanza ni kuingia na kamera kupitia njia ya mkojo na kukata dari ya jipu ili limwagikie humo. Hii hukausha vizuri, na mara nyingi hairudiwi, lakini inataka ganzi ya mgongo, na wengi hubaki na hali ya mbegu kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Hapo alinitazama. "Mzee wangu, bado kuna mipango ya watoto?" Mama Salma alicheka kabla sijajibu, kicheko cha kwanza tangu Ijumaa. Nikasema mipango hakuna ila mali ya mtu haichezewi. Ya pili ni sindano kupitia ukuta wa njia ya haja kubwa, wakiongozwa na altrasaundi. Ni karibu sana, lakini unapita mahali penye vijidudu vyake vyenyewe. Ya tatu ni sindano hiyohiyo ikiongozwa na altrasaundi hiyohiyo, ila inapita kwenye ngozi ya msamba, ambayo inasafishika kama ngozi nyingine yoyote.

Ameshauri ya tatu, na kuacha mrija mwembamba ndani kwa siku chache. Kamera itabaki akiba, kama usaha umegawanyika vyumba vingi na sindano imeshindwa.

Nikauliza zamani walifanyaje. Akasema walipasua msamba kwa kisu wakatafuta usaha kwa kidole. Na zamani hizo, kabla ya penisilini, jipu hili lililetwa sana na kisonono. Kicheko cha Mama Salma kikakata. Bingwa, ambaye nadhani ana mke, akawahi: "Siku hizi, mama, ni vijidudu vya tumboni, hasa kwa wenye sukari, wenye mipira ya mkojo, na wale ambao kinga yao imeshuka." Niliombwa nipime na VVU, nikapima. Majibu mazuri. Mama ameomba ayaone karatasini.

Jumanne, 23 Aprili, jioni

Imekwisha. Niandike kabla usingizi wa dawa haujarudi.

Sikula tangu usiku. Sukari asubuhi ilikuwa 9.4, wamekuwa wakinichoma insulini kwa kipimo cha kila saa chache, na bingwa alisema wazi kwamba juu ya namba fulani asingenigusa isipokuwa kwa dharura. Antibiotiki ya mshipa iliingia kabla sijatoka wodini, ili damu iwe na silaha tayari wakati jipu linachokozwa.

Meza ya upasuaji ina vishikio viwili virefu. Miguu yangu ilipandishwa juu ya vishikio hivyo na kutengwa, na mimi niliyewaamrisha vibarua katika mapori ya Kilombero nikawa naangalia dari huku watu watano wakishughulika na upande wangu usiotazamwa na jua. Sista mmoja, mama wa makamo, alinifunika pote pasipohitajika. Akaniambia, "Baba, hapa sisi tunaona kazi tu." Namwamini.

Nilipewa kitu mshipani cha kunilegeza, si nusu kaputi. Nilisikia kila neno. Msamba ulisafishwa kwa dawa ya kahawia, baridi. Kifaa cha altrasaundi, chembamba na kirefu, kikaingizwa njia ya haja kubwa, hakiumi, kinakera. Ganzi ya lignokeini ikachomwa kwenye ngozi kwanza, kisha ndani zaidi, karibu na tezi yenyewe. Hiyo ya pili niliihisi, nikaitaja kwa Kindengereko.

Skrini waliigeuza upande wangu kwa sababu niliomba. Tezi ni kijivu chenye chembechembe. Jipu ni doa jeusi ndani yake, lenye ukingo mnene, na ndani ya weusi kuna vumbi linaloelea. Nje ya doa palikuwa na mrija wa mkojo katikati, utumbo nyuma, na kibofu juu. Bingwa alihesabu umbali kwa sauti. Sindano ikaonekana kama mstari mweupe unaoingia pembeni mwa picha, ukasogea polepole, ukafika kwenye ukingo, ukasita. Ukuta ukabonyea kidogo. Halafu ncha ikawa ndani.

Usaha ulivutwa kwa bomba la sindano. Mzito, rangi ya maziwa yaliyochanganyika na damu, na harufu ambayo hata sista alisogeza barakoa. Waliupeleka maabara kwenye vichupa tofauti: kimoja cha kuotesha vijidudu, kingine cha kifua kikuu, maana TB nayo hujificha kwenye tezi dume na huku kwetu haiachwi bila kuulizwa. Kisha waya mwembamba ukapita ndani ya sindano, sindano ikatoka, na mrija ukateleza juu ya waya mpaka ndani. Ncha yake inajikunja yenyewe ili usichomoke. Wakaosha shimo kwa maji ya chumvi, kidogo kidogo na bila nguvu, kwa sababu ileile ya kidole cha Ijumaa.

Nikauliza mrija una upana gani. "Namba 8," akasema. Namba hizo huenda kwa theluthi ya milimita, kwa hiyo 8 ni milimita 2.7. Usaha uliopimwa ni mililita 16. Hesabu yangu ya bahasha ilisema karibu 18. Kwa shimo lisilo duara kamili na lenye mabaki ukutani, hiyo ni tofauti ninayoikubali; nimewahi kuona ramani za viwanja zilizopishana kwa zaidi ya hapo na watu wakajenga.

Kutoka ganzi mpaka plasta haikufika saa moja. Jambo linalonikaa kichwani ni lile tundu. Wa zamani alihitaji jeraha la kuingia kidole kwa sababu alikuwa hajui usaha uko wapi. Huyu wa leo ametoboa milimita tatu kwa kuwa alishajua kila kitu kabla ya kutoboa: kina, pembe, na nini kiko nyuma ya ukuta. Watu watasema nimefanyiwa upasuaji mdogo. Udogo huo umetokana na siti-skani, na altrasaundi, na mtu aliyesoma miaka mingi kukitazama kile kijivu. Mwenye jipu kama langu katika wilaya isiyo na hata kimoja kati ya hivyo anameza siprofloksasini na kungoja lipasuke.

Jumatano, 24 Aprili

Usiku nilitetemeka tena. Nyuzi 38.9. Walinitahadharisha: jipu likichokozwa vijidudu vingine huruka kwenye damu. Asubuhi homa imeshuka. Mfuko wa mrija una mililita 5, nyekundu hafifu.

Nimekaa kwenye kiti. Nimekaa!

Ijumaa, 26 Aprili

Muungano umetimiza miaka 60. Runinga ya wodi ilionyesha gwaride la Uwanja wa Uhuru tangu asubuhi, na kila aliyeweza kusogea alisogea. Sote tuna mipira na mifuko. Ilikuwa kama gwaride jingine mbele ya gwaride.

Mzee wa Kisarawe wa kitanda cha pili aliniambia, macho kwenye runinga, kwamba yeye alikaa na maumivu ya huko chini kwa muda mrefu akiyaita ngiri, kwa kuwa ngiri inazungumzika na wajukuu wanaweza kuleta dawa. Nikamwambia mimi niliita kiuno. Kijana mmoja mwenye mpira akasema yeye aliita malaria. Tulicheka mpaka sista akatuuliza kama tunajua tunashonwa kwa nyuzi za gharama.

Mchana majibu ya kuotesha yalifika. Salma ni mtaalamu wa maabara kwingine, akayasoma kabla sijashika miwani. Ni Klebsiela. Imegoma siprofloksasini, imegoma na seftriaksoni. Inasikia meropenemu, inasikia amikasini, na inasikia Septrini. TB haikuonekana.

Kwa hiyo vile vidonge vya awali vyote vilikuwa vinapita kando ya adui. Salma alisema kwao wanaona sugu za namna hii kila wiki, na hasira yake iko kwa nchi nzima inayouza siprofloksasini kama peremende. Alipofika kwenye Septrini akacheka: dawa ya bei ya chini, ambayo watu wameidharau, ndiyo inayoingia vizuri ndani ya tezi dume na ndiyo iliyobaki na nguvu. Haitatumika sasa. Sasa ni meropenemu ya mshipa, bima imekubali.

Nilimwuliza kama udongo ungeweza kuniletea jipu hili. Nimekanyaga matope ya mashamba miaka mingi. Hakucheka, na badala yake akaniambia jambo ambalo sikulijua: kaskazini mwa Australia kuna kijidudu kinachoishi kwenye udongo, huwapata watu zaidi majira ya mvua, na wenye kisukari ndio wepesi kukipata. Kwa wanaume kinapenda tezi dume kiasi kwamba katika hospitali ya Darwin mwanamume mwenye ugonjwa huo hupigwa siti-skani ya nyonga hata asipolalamika, na karibu mmoja katika watano hukutwa na jipu. "Lakini chako ni Klebsiela, Baba. Chako kimetoka tumboni mwako mwenyewe." Sikujua nifurahi au la.

Jumatatu, 29 Aprili

Bingwa ameagiza altrasaundi ya ini na macho yangu yatazamwe. Nilishangaa: mtu wa mkojo anataka nini machoni? Akasema Klebsiela kwa mwenye sukari hupenda kuhama. Ziko aina zake, zilizojulikana kwanza sana Taiwan, ambazo hufanya jipu kwenye ini, kisha kwenye tezi, kisha ndani ya jicho, na jicho likiharibika halirudi. Ini safi. Macho safi, ukiacha miwani ninayotakiwa kubadili.

Shimo la kulia sasa ni sentimita 0.9, na mfuko ulikuwa mkavu tangu jana. Mrija umetolewa. Alikata uzi, nyoka mdogo akajinyoosha akatoka. Ilikuwa pumzi moja. La kushoto limebaki milimita 5.

Jeraha, kama linafaa kuitwa hivyo, limefunikwa kwa plasta ya kawaida ya kidole.

Jumamosi, 4 Mei

Bado wodini kwa ajili ya meropenemu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanatangaza kimbunga Hidaya, boti za Zanzibar zimesimama, na dirisha letu linapiga kelele. Mzee wa Kisarawe ametoka jana.

Bingwa ameandika mpango wa nyumbani. Septrini mpaka antibiotiki zote zitimize wiki sita, maana tezi dume inapitisha dawa kwa ubahili na maambukizi yaliyokatishwa hurudi. Vidonge vya kulegeza shingo ya kibofu kila usiku. Ameniuliza kwa makini dawa ninazokunywa: ile ya presha pamoja na Septrini inaweza kupandisha potasiamu, na kidonge changu cha zamani cha sukari pamoja na Septrini kinaweza kuishusha sukari ghafla. Cha zamani kimefutwa. Damu itapimwa potasiamu na figo baada ya siku chache. Natamani dawa zote zingeandikwa na mtu anayeuliza maswali hayo.

Jumanne, 21 Mei

Kliniki. Mpira wa tumboni ulikuwa umefungwa tangu juzi kwa majaribio, nikawa nakojoa kwa njia yangu. Leo baada ya kukojoa walitazama kibofu: yamebaki mililita 60. Inatosha. Mpira umetolewa, tundu litajifunga lenyewe.

Daktari yule binti wa zamu ndiye aliyenipokea. Altrasaundi inaonyesha kovu kulia, kushoto hakuna kitu. Sukari ya miezi mitatu, HbA1c, ni 10.2, na hapo uso wake ulibadilika. "Baba, jipu tumelitoa sisi. Hii namba ni ya kwako." Mama Salma alisema, "Mwambie tena, mwanangu, mimi sisikilizwi." Akaniambia tena.

Potasiamu sawa. PSA itarudiwa Julai. Tezi yenyewe, ile iliyokua kwa uzee, itajadiliwa siku hiyo: vidonge vikitosha ni vidonge, visipotosha kamera itafanya kazi yake. Nimeuliza bei ya kamera na nimeuliza tena habari ya mbegu. Alijibu la bei.